Neno la Kwenye Barua ya Mama Mkwe

Shoga, uko wapi?

Barua ya mama mkwe imekuja kutoka hospitali, Kiingereza kitupu. Akampa mwanawe amsomee, si unamjua mume wangu na ualimu wake.

Imeandikwa kwamba madaktari hawa-“envisage” upasuaji. Mama akauliza, “Ndiyo nini hiyo?”

Weee, mume wangu akaanza kufundisha! Eti ni kuliona jambo akilini kabla halijatokea. Eti neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa, “visage” ni uso, zamani lilimaanisha kumtazama mtu usoni. Anaongea huku anaikunja barua na kuikunjua. Nikajua anakwepa.

Mama kamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo hawanioni nikipona.”

Mwalimu akaikunja tena ile barua.

“Kwa hiyo hawanioni nikipona.” Hivyo hivyo, shoga, kama mtu anayeulizia bei ya sabuni!

Akamshika mwanawe kidevu. “Basi wewe nitazame.” Hakuweza. Katoka, yuko uani anafua shati ambalo nililifua jana.

Sasa mama kaniagiza nimpigie wifi aje. “Mwambie kwa Kiswahili,” kasema.

Nimeshika simu, sijui naanzia wapi.