Mafuta ya Midomo kutoka Nyasho

Nyasho, Musoma

Dada Melania,

Shikamoo. Habari za Njombe na baridi yake? Mguu wa Mama unaendeleaje? Anakwenda kanisani mwenyewe, au bado anashikwa mkono? Mimi ni mzima. Redioni wiki hii nimetangaza habari za ng'ombe walioibwa na za daraja lililozolewa na maji, mambo ya kawaida ya huku. Sikupiga simu kwa sababu ndani ya kifurushi hiki kuna kikopo, na kikopo chenyewe hakijielezi.

Mama Rhobi, mwenye nyumba wangu, unamjua kwa sauti. Ndiye huchukua simu yangu na kukusalimia kana kwamba uko ng'ambo ya ziwa. Ameanika dagaa Mwigobero, ufukweni mwa ziwa, tangu kabla sijahamia huku. Jua na upepo wa pale hupasua midomo, kwa hiyo akajifunza kujitengenezea mafuta ya kupaka, kisha akaanza kuyatia harufu nzuri. Mwaka huu aliamua kuwa hiyo ndiyo iwe kazi yake.

"Nimechoka, mura," aliniambia, maana kijana kwao ni mura. "Hii dagaa imenizeesha. Mimi nilikuwaga mrembo."

Akina mama wa jumuiya moja ya kanisa kule Butiama, wafugaji, walikubali kuyaona mafuta hayo. Wakiyapenda, wao watatoa samli, yeye atapika, na watauza pamoja. Mama Rhobi hakusubiri jibu. Alimwachia jirani kichanja chake cha kuanikia, na pale Mwigobero kichanja ukishakiacha hakirudi.

Namna ya kutengeneza ni hii. Unachanganya samli na mafuta ya nazi kwenye bakuli pana, unatia mchaichai uliokaushwa na kukatwakatwa, unafunika kwa kitambaa na kuacha siku kadhaa ili mafuta yanyonye harufu. Kisha unachuja. Unaweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, unatia nta ya nyuki, unakoroga mpaka iyeyuke. Unadondosha tone kwenye kijiko cha baridi: likibaki laini, ongeza nta, likiwa gumu kama mshumaa, ongeza mafuta. Unamimina kwenye vikopo yakiwa ya moto, wala hufuniki mpaka yapoe, la sivyo mvuke unageuka matone ya maji ndani ya kifuniko.

Yalipopoa, aliniita. "Mura, leta pua."

Nilinusa vikopo vitatu tofauti. Nikamwambia ni mchaichai mtupu. Nilisema nilichokisikia.

Jumapili nilikuwa na kazi Butiama, tukaenda pamoja. Baada ya misa akina mama walikaa kwenye benchi nje ya kanisa, kikopo kikapita mkono kwa mkono. Kikamfikia mwenyekiti wao, mjane aitwaye Mama Nyangeta. Alinusa, akanitazama, akanusa tena.

"Mama Rhobi, hii ni ya kupaka au ya kulia ugali?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema akijitia hiyo, paka wa padre atamfuata mpaka altareni.

"Mnanionea," alisema Mama Rhobi, akaninyooshea kidole. "Mwandishi amenusa. Muulizeni."

Nilieleza kuwa nilisikia mchaichai.

"Mwandishi anakaaga wapi?" aliuliza Mama Nyangeta.

"Kwangu, Nyasho."

"Basi na yeye ni dagaa."

Kosa tulilitambua tuliporudi. Chumba alimoacha bakuli ndimo alimohifadhi magunia ya dagaa. Mafuta hunyonya kila harufu inayoyazunguka, hayachagui. Sisi wawili tumeishi na harufu hiyo hata hatuisikii tena. Wafugaji wale, ambao samaki kwao ni mgeni, waliisikia kabla kifuniko hakijatoka sawasawa.

Kesho yake jirani alikuja akasimama mlangoni. "Mama, kama unarudi, sema saa hii. Nataka kununua nyavu mpya za kuanikia."



"Nunua," alisema Mama Rhobi.

Amehamia Bunda kwa mdogo wake, fundi cherehani ambaye samaki humtoa vipele, kwa hiyo hawaingii nyumbani mwake. Amenunua bakuli jipya na sufuria mpya, amepika upya. Mama Nyangeta amekubali kuyaona mara moja zaidi, basi. Mdogo mtu anasema yananukia vizuri, lakini ndugu husema hivyo. Mimi amenikataza nisiyasogelee.

Kwa hiyo kikopo hiki kimefungwa huko Bunda na sijakifungua. Nimemwambia ninaye dada ambaye hajawahi kunisifia kitu chochote. Kinuse wewe kwanza, kisha mpe Mama, kisha yapake mafuta siku ya baridi kali uone kama yanakaa mdomoni. Mama Rhobi hatakwenda Butiama kabla hujajibu. Niambie pia kama nilipokuja kwenye msiba wa Baba nilikuwa nanuka hivyo, mkanistahi.

Nisalimie shemeji, na mwanao aliye bweni akirudi likizo. Mjomba katekista mwambie redio yake niliipeleka kwa fundi, imeshindikana. Mama mpe shikamoo yangu, umshike mkono kwa niaba yangu.

Usimwonee huruma Mama Rhobi. Ukisikia mchaichai, andika mchaichai. Ukisikia samaki, andika samaki.

Mdogo wako,
Festo