Beseni langu Katonga

Nasra, nimeumbuka! Shoga, nimeumbuka hadharani!

Si unaikumbuka bajeti yangu ya kuhamia Kigoma? Mshahara wote wa koplo wangu nikaumalizia kwenye kodi ya nyumba, nikasema mboga ni dagaa tu, huko ziwani bei ya bure. Leo nimefika mwaloni Katonga na beseni, mitumbwi yote imelala mchangani. Mvuvi mmoja akaniambia:

"Mbalamwezi hii, mama, dagaa hawafuati taa zetu. Hatuvui mpaka giza lirudi."

Mpaka giza lirudi! Na mume wangu kapelekwa mpakani kwenye wakimbizi, simu haipatikani.

Nikalia palepale.

Mama mmoja Mrundi, mkimbizi, alikuja kubadilisha unga wake wa msaada apate dagaa, naye kakosa. Kanitazama, kanimiminia nusu ya ule unga kwenye beseni.

Nikapokea, Nasra. Mke wa mwanajeshi! Wala sikumuuliza ana watoto wangapi.