Alasiri Moja Bila Risasi

Papa,

Kwenye kilio chako, siku ya kukuzika, walicheka, sitakuficha. Nilisimama mbele ya watu nikasema ulisimamisha vita wakati Katanga ilijitenga na Kongo, na mataifa yakatuma wajumbe na askari wa kofia za buluu. Shemeki Ilunga, aliyeoa dada yangu, akapayuka: "Marehemu alipeleka chakula mezani, si amani!" Watu wote, kwaa! Tangu siku ile sokoni ninaitwa "mutoto ya ambasadere", ati mtoto wa balozi. Nilicheka nao. Mdomo tu ndio ulicheka.

Sasa sikia. Juzi alifika mama Mzungu mwenye mvi, anamtafuta kijana aliyehudumia wageni kwenye ile villa ya mazungumzo ya amani hapa Likasi. Sokoni wakamleta kwangu kwa mzaha. Nikamwambia, "Madame, kijana huyo ndiye alinizaa minye." Unanijua, nimefika Ndola, nimefika mpaka Dar es Salaam, Mzungu mmoja hanitishi. Lakini moyo ulitwanga kama mchi kwenye kinu cha majani ya sombe. Nikamwita Ilunga aje asikie, anizike au anyamaze.

Madame akasema baba yake alikuwa mjumbe wa mataifa, naye ndiye aliyemsimulia. Siku ile baba huyo na waziri wa Katanga walisimama mezani, hakuna anayekaa. Ukaingia na beseni na jagi ya maji. Kila mmoja akaangalia mikono ya mwenzake, maana atakayenawishwa kwanza ndiye mkubwa. Nje bunduki zinalia. Na weye, Papa, ukawapita wote wawili, ukaenda mlangoni ukamnawisha dereva wa mjumbe, muzee wa Kambove, kichwa cheupe kabisa. Kwetu mwenye umri ananawa kwanza, nani hajui! Waziri akaangua kicheko: "Huyu mutoto amelelewa." Wakakaa. Wakaongea.

Weye ulitusimulia kama mtu aliyepanga yote kwa akili. Madame anasema ulitetemeka hata jagi ikawa inalia kwenye beseni. Na vita havikuisha, kesho yake vilirudi. Ila alasiri ile hakuna risasi iliyolia Likasi. Watu walitoka na ndoo kutafuta maji. Wengine walizika wafu wao waliokuwa wamelala ndani.

Papa... Nimekaa na jambo hilo, sijui niliweke wapi. Ulikuwa na umri wa mwanangu Trésor, anayeogopa hata mbwa wa jirani! Uliogopa, na bado ukatembea na maji mpaka mlangoni, wakubwa wa dunia wakikungoja.

Ilunga alisikia yote, akaondoka. Asubuhi nilimkuta kaburini kwako na panga, anafyeka majani. Amekata hata maua aliyopanda Mama. Nimemwacha.

Pumzika, muzee wangu. Kila hadithi minye ninaitia chumvi, hata samaki wangu wanakua njiani kila nikiwasimulia. Hii yako nitawapa wajukuu wako vile ilivyo: ulitetemeka, na ilikuwa alasiri moja tu. Nimejaribu kuiongezea chumvi, Papa. Haina nafasi.

Mutoto wako,
Dieudonné