Pipa la Bi Ishi Mbele ya Mahakama ya Juu

Torasaki, 3 Julai 1915

Kwa Kinu,

Hujambo? Joto la Tokyo linakutendeaje? Huku mvua zimekatika na mpunga umesimama vizuri. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Heikichi mzima. Anwani yako nimepewa na kaka yako Yasaku, baada ya kunisimamisha mlangoni kwake kama ombaomba. Sikumlaumu.

Najua unashangaa. Miaka mitatu tangu nikutenge na mwanangu nikakurudisha kwenu, hata salamu sikukutumia, leo barua. Niseme haraka kabla sijaona haya nikaichana.

Nimeshtakiwa. Januari walikuja maofisa wawili wa kodi wakisaka pombe zinazopikwa majumbani. Kwangu wakafunua pipa la samaki. Unalijua: samaki wa hatahata, wali, chachu ya koji, karoti, mawe juu. Pua zao zikawaambia ni pombe. Nikasema, "Jamani, hicho ni kitoweo cha mwaka mpya!" Mmoja akachota yale maji ya juu, akatia kwenye chupa, wakaenda kuyapima. Wakakuta kilevi ndani. Basi, mwenye kilevi bila kibali ni mtengeneza pombe. Mahakama ya wilaya ikanitia hatiani, na ya mkoa nayo vilevile. Nilipe faini au nikae gerezani siku arobaini. Nimekataa kulipa. Nikilipa nimekubali kwamba mimi, mjane wa miaka sitini na mbili, ni mpika pombe.

Na si mimi peke yangu. Nikishindwa, kila nyumba ya pwani hii itavunja pipa lake, na baridi nzima watu watatafuna figili. Wanawake wanapita hapa kila siku kuniuliza kama wayavunje.

Rufani imekwenda huko, Mahakama ya Juu. Wakili wangu wa hapa mgonjwa, hawezi safari. Katika Tokyo nzima namjua mtu mmoja, ndiye wewe. Yasaku anasema mgahawa unaofanyia kazi uko karibu na mahakama na mawakili hula hapo. Ukiweza, niulizie. Usipoweza, sitakuwa na neno.

Mama wa Heikichi


Tokyo, 17 Julai 1915

Kwa Mama wa Heikichi,

Shikamoo. Poleni na mkasa. Mimi mzima. Joto la hapa linapika mtu bila moto.

Nilipouona mwandiko wako nilidhani kuna msiba. Nilipomaliza kusoma nilicheka mpaka Bi Otsuta, mwenye mgahawa, akaniuliza kama nimepagawa. Nisamehe. Lakini mtu aliyenifukuza kwa ajili ya pipa, leo pipa linataka kumfunga! Ungekuwa wewe ungecheka pia.

Nimekwisha cheka. Sasa kazi.

Yupo wakili kijana, Mawatari, anakula tambi zetu kila mchana akiwa amesimama, na mchuzi wote anaumalizia kifuani. Nilimweleza wakati namwekea bakuli.

"Hayo maji mnayanywa?" akaniuliza.

"Nani ayanywe? Yananuka samaki."

"Wewe hujawahi hata kuonja?"

"Heri ninywe maji ya kufulia soksi zako."

Akaweka vijiti chini. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akacheka, akatoa karatasi, akaanza kuandika, tambi zikapoa. Amekubali kuichukua kesi, na malipo anayotaka ni kuonja kitoweo chenyewe siku moja.

Ila anasema majaji wa juu hawaangalii pipa wala hawaonji. Wanasoma makaratasi tu, na kuamua kama sheria imeshikwa sawasawa. Kwa hiyo anataka maelezo yako: kitoweo kinatengenezwaje, hatua kwa hatua, na kila hatua ni ya nini. Usiache hata moja. Mimi siwezi kumweleza. Mara mbili nilikijaribu nyumbani kwako, na mara mbili kilioza. Unakumbuka kuliko mimi.

Kinu, dada yake Yasaku


Torasaki, 2 Agosti 1915

Kinu,

Waonaje hali? Sisi wazima. Asante, na mwambie huyo kijana asante. Nimekaa na kalamu siku nne.

Haya, aandike. Samaki hukatwa vichwa, hutiwa chumvi. Kisha hulowekwa kwenye maji baridi, na maji hubadilishwa asubuhi na jioni, siku nne kamili, mpaka damu yote iishe na maji yabaki meupe. Hapo hutiwa siki siku moja. Wali hupikwa, huachwa upoe mpaka ukiushika husikii joto, ndipo huchanganywa na koji. Koji ni ya kuufanya wali uwe mtamu na mifupa ilainike, hata mzee asiye na meno ale bila taabu. Hupangwa tabaka kwa tabaka, samaki, wali, karoti, figili, mwani, kisha majani ya mwanzi na mawe mazito. Mawe ni ya kuyakamua maji yapande juu, na yakipanda tunayamwaga kwenye theluji. Mtengeneza pombe gani anamwaga pombe yake?

Sasa soma polepole, Kinu. Wewe nilikwambia uloweke siku mbili. Na wali nilikwambia uchanganye ungali moto.

Sikusahau. Nilifanya kusudi. Ulipoingia nyumba ile Heikichi alianza kucheka, mtoto ambaye tangu baba yake afe nilikuwa simsikii sauti. Mkawa mnacheka jikoni, nikiingia mnanyamaza. Nikajiambia, huyu ameshachukua mwana, sasa atachukua na pipa, nami nitabaki wa kufagia. Nikakupa maelezo mabovu. Lilipooza mbele ya jamaa zote mwaka mpya nikasema mkono wako haukubaliani na nyumba yetu, nikafunga mzigo wako mimi mwenyewe.

Ningeweza kuliandika hili la siku nne bila kukwambia. Lakini ungelisoma ukajua. Bora ulisikie kwangu.

Ishi


Torasaki, 28 Septemba 1915

Kinu,

Hujambo? Hapa tumeanza kuvuna. Sikuulizi habari za kesi. Nauliza tu kama u mzima, maana wiki nane hujaandika.

Heikichi nimemwambia yote. Siku tatu hakula nami mezani. Akaenda nyuma ya nyumba akapasua kuni, akapasua, sasa tuna kuni za majira mawili ya baridi na majirani wanakuja kushangaa. Siku ya nne akala mezani, akaniuliza, "Mama, anwani yake iko wapi?" Nikamwambia sitoi mpaka mwenyewe aruhusu. Tangu uondoke ameletewa wachumba watano. Wote aliwaonyesha njia ya kurudi kwao. Wa mwisho alimpa na mwavuli.

Ukiwa hutaki kunijibu, nitajua nimestahili.

Ishi


Tokyo, 9 Novemba 1915

Mama,

Shikamoo! Umeshinda!

Naandika mbiombio, vumilia. Telegramu nimetuma mchana, lakini maneno yake machache hayakunitosha.

Kwanza kabisa: maelezo yako nilimpelekea Mawatari siku ileile yaliponifikia, tarehe saba Agosti. Nilikata kwa mkasi ile sehemu inayonihusu mimi, nyingine akaipata nzima. Ile niliyokata ndiyo iliyoninyamazisha miezi mitatu. Nilikasirika mpaka nikavunja bakuli mbili za Bi Otsuta. Miaka yote hii nimetembea nikijua mkono wangu una kasoro. Hata tambi zikishikana nasema, ndio mkono wangu huo. Kumbe mkono mzima!

Niendelee, nisije nikakasirika tena.

Leo tulikwenda mimi na Bi Otsuta, mgahawa tukaufunga. Majaji watano, majoho meusi yenye nakshi ya zambarau, wamekaa juu kama wanasesere wa maonyesho. Wa katikati mzee, nyusi nyeupe. Mwezi uliopita Mawatari alipotetea, alisoma maneno yako mbele yao, na alipofika kwenye "mtengeneza pombe gani anamwaga pombe yake?" jaji mmoja wa pembeni alikohoa muda mrefu sana. Mawatari anaapa alikuwa anaficha kicheko.

Leo mzee akasoma. Maneno ya sheria ni magumu, lakini haya niliyashika: kwamba kilevi kilikuwamo, ni kweli, kwamba sheria ya pombe imewekwa kwa ajili ya kitu kinachotengenezwa kinywewe, na kwamba chakula cha kutafuna, ambacho kilevi kimejitokeza humo njiani bila mtu kukitaka, na maji yake yanamwagwa, hakiwezi kugeuka pombe kwa sababu ofisa amekichota kwa kijiko. Hukumu za chini zimefutwa. Ishi wa Torasaki hana hatia.

Bi Otsuta akapiga kelele "Haya!" ndani ya mahakama. Askari akamwelekea. Akainama akamwambia, "Samahani baba, nimekanyagwa." Aliyemkanyaga hayupo.

Mawatari alilia kidogo. Ni kesi yake ya kwanza pale juu.

Anwani yangu mpe Heikichi.

Kinu


Torasaki, 18 Novemba 1915

Kinu, binti,

U mzima? Mimi leo hata magoti yamepona.

Telegramu aliileta tarishi akikimbia, na kabla hajanifikia alikuwa ameshaitangaza kijiji kizima, shetani yule. Nilikuwa nang'oa figili. Nikasikia wanawake wanapiga vifuniko vya mapipa, kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho, barabara nzima. Bibi wa duka la tofu ya soya, unamjua asivyotoa kitu, aligawa tofu bure. Polisi wetu alikuja kuuliza ghasia ya nini. Tulipomwambia akavua kofia akasema, "Basi mwaka huu nami mniletee bakuli." Mwaka jana alikuwa anakula kwa kujificha!

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia peke yangu. Si kwa ajili ya kesi.

Heikichi anapanda treni kesho kuja kumshukuru wakili. Amebeba figili zilizokaushwa kwa moshi na matunda makavu ya persimoni. Kitoweo chenyewe bado, samaki hawajaja. Nimempa siku tano, maana Desemba kazi ni ya watu wawili.

Mama wa Heikichi


Torasaki, 8 Desemba 1915

Kinu,

Salamu nyingi. Nakuuliza, yule mtu nimempa siku tano, leo ni ya kumi na tisa, yuko wapi?

Jana radi zimepiga na hatahata, kama kawaida yao radi zikilia, wamejaa ufukweni. Nina masanduku matatu ya samaki na mikono miwili. Mke wa jirani Sakubei amekuja kunisaidia lakini mdomo wake unafanya kazi kuliko kisu. Mwambie mwanangu, kama amekufa aniarifu.

Mama wa Heikichi


Tokyo, 12 Desemba 1915

Mama,

Shikamoo. Hajafa. Anaosha bakuli kwenye mgahawa wa Bi Otsuta, na ameshavunja nyingi kuliko mimi.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni na mzigo wake wa figili. Nikamwuliza, "Unataka tambi za moto au baridi?" Akasema, "Zozote." Akala bakuli nne, mfululizo, macho ndani ya bakuli. Siku ya tatu ndipo akasema, "Sirudi bila wewe. Ukikataa nitaosha bakuli hapa mpaka nizeeke." Bi Otsuta akajibu kabla yangu: "Kwa mikono hiyo? Nitafilisika!"

Mama, nimecheka siku hizi kuliko miaka mitatu yote. Na wewe nimekusamehe, sijui lini, nadhani ni siku uliyoandika habari ya mwavuli. Lakini sikiliza. Mara ya kwanza nilikaa kwenu miaka miwili na jina langu halikuandikwa kwenye daftari la nyumba yenu pale ofisi ya kijiji. Mlisema tusubiri tuone. Ulipotaka niondoke hapakuwa na cha kufuta. Nikaondoka kama mgeni aliyelala siku nyingi.

Safari hii sikanyagi Torasaki kabla jina halijaandikwa. Heikichi hajafika miaka thelathini, kwa sheria bila idhini yako haiwezekani. Sikulazimishi. Nasema tu ndivyo ilivyo.

Kinu


Torasaki, 17 Desemba 1915

Kinu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima.

Ndani yake kuna karatasi ya ofisi ya kijiji. Barua yako ilifika asubuhi, samaki nikawaacha ndani ya maji, nikaenda kwa miguu kwa Yasaku katikati ya theluji. Safari hii nilimsimamisha mlangoni mimi. Amepiga muhuri wa idhini kwa upande wenu. Mimi nimepiga wangu. Mashahidi ni wawili, polisi na bibi wa tofu. Karani wa ofisi alisema mwaka unaisha, njoo Januari. Nikamwambia, "Mimi nimeshinda Mahakama ya Juu, wewe ni nani?" Akatafuta fomu.

Imebaki mihuri miwili, wa Heikichi na wako. Nimesoma karatasi nzima mara tatu. Hakuna nilichoacha.

Samaki leo ni siku ya nne wamo majini. Maji ni meupe. Pipa nitalipanga mwenyewe nusu. Nusu ya juu sitaigusa mpaka uje.

Mama


Tokyo, 22 Desemba 1915

Mama,

Shikamoo. Tumepiga mihuri yote miwili, karatasi inarudi kwa posta ya rejesta leo hii, itatutangulia. Bi Otsuta alilia, kisha akatudai bakuli, kisha akalia tena. Mawatari anakuja nasi. Anasema ni kwa ajili ya sheria.

Tunashuka kituoni tarehe ishirini na saba, treni ya mchana. Uje na viatu vya majani vya theluji, pea moja ya ziada. Vyangu nilivitupa baharini siku ile niliyoondoka.

Mkweo,
Kinu