Aliyeniita Mjomba Kivukoni

Mjukuu wangu Saumu, marahaba. Hapa Bofu tu wazima, ila bibiyo magoti yamemkataa. Waniuliza utajihadhari vipi na matapeli katika mji huo wa kamari ulikohamia.

Kabla ya uhuru nilishuka kivukoni Likoni, mgeni wa mji. Mtu akanichangamkia: "Mjomba! Nyumbani hawajambo? Mashamba je?" Nikautua mzigo nimpe mikono miwili. Salamu sita nikazijibu zote. Kumbe mwenzake keshauchukua.

Nikaapa kutoitika tena njiani. Mwaka uliofuata nikaitwa palepale, nikapita bila kugeuka, nikapotelea katika umati. Alikuwa kakangu, kaja kunambia mama kazidiwa. Aliponipata, siku mbili zilikuwa zimepita. Tukamkuta mama keshazikwa.

Basi mzigo ushike kwa kushoto, usalimie kwa kulia. Namna ya kumjua mkweli sijaijua, na kwa umri huu sitaijua.

Babu yako.