Joho la Simenti

Soweto, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Dada Salome,

Kamwene, dada yangu, na shikamoo. Magoti ya mama yanasemaje na baridi hii? Yale mafuta niliyomtumia anapaka, au ameyaficha chini ya godoro akisubiri aumwe vizuri ndiyo ayafungue? Na shemeji amesharudi, au lori bado limesimama kwenye foleni ya mpakani Tunduma? Huku ukungu unakaa mpaka saa nne, nguo zinakauka kwa kubembelezwa. Mwili wangu ni mzima. Kilichochafuka ni moyo, na ndiyo maana unaona karatasi.

Utauliza kwa nini nimeandika kama mtu wa zamani wakati simu zipo. Ni kwa sababu simu yako haijui kunong'ona. Ukipokea tu unaweka spika, na mama yuko hapo hapo jikoni anachambua mboga. Haya si ya kusikia kwenye spika. Isome peke yako kwanza, halafu tuone.

Nikupe lenyewe nisikuzungushe. Usimlete mama Mbeya. Ile sanamu tuliyomwahidi kwamba atakuja kujiona getini kwa chuo haipo tena, au tuseme ipo lakini si yeye. Na kwenye mahafali ya mwaka huu mimi simo. Kile kitenge mlichonunua, kama fundi hajakikata, mwambie asikikate.

Kaa chini, nakueleza.

Unajua nilivyofika hapa. Ukiacha wewe na mama, hakuna mtu aliyeweka hata kokoto kwenye elimu yangu. Baada ya kidato cha nne nimepiga plasta na kuweka tailizi kwenye nyumba za watu Iringa, Makambako, mpaka huku. Nikaingia idara ya sanaa ya chuo kikuu kwa mtihani wa watu wazima, nina miaka thelathini na mmoja, watoto wa darasani wakaniita "mzee" tangu siku ya kwanza. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja: namna ya kuifanya simenti ikae kama mtu. Ukuta nilishaujua.

Mwaka huu wakatuambia kwamba kielelezo cha udongo kitakachopita vizuri kuliko vyote kitajengwa kikubwa, kisimame getini, na mgeni rasmi atakizindua kwenye Siku ya Ubunifu na Mafanikio. Hiyo ndiyo ingekuwa pia kazi ya mwisho ya aliyekifanya, ya kumpa shahada. Kikapita cha kwangu. Walimu walipiga makofi, hilo siwanyimi.

Nilimfanya mama, lakini si huyu wa magoti. Nilimfanya yule wa mwaka ule baba alipofariki, alipochukua kisu akaingia mwenyewe kwenye mianzi yetu kule Kilolo na watu wakasema mwanamke hagemi. Unakumbuka anavyoinama? Anakata ncha ya mwanzi kidogo tu, kama anamnyoa mtoto, halafu anasogeza sikio kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, asikie kama ulanzi unadondoka. Na ukimsemesha wakati huo anakuonyesha kiganja bila kugeuka: subiri. Nikafanya hivyo hivyo, na kiganja kikiwepo. Mita mbili na sentimita kumi, mifuko saba ya simenti, mchanga wa mto nimechekecha mwenyewe, moja kwa tatu, nondo mpaka kwenye vidole. Uso niliubomoa mara nne. Mara ya tano nilipoutazama nikajikuta nimesema "shikamoo", dada, niko peke yangu na mwiko mkononi.

Wiki mbili kabla ya sherehe ikaja kamati ya maandalizi. Watu wa fedha, watu wa itifaki, na Mkuu wetu wa Idara katikati yao. Mmoja akamzunguka mama, akauliza:

"Huyu anafanya nini?"

"Anagema ulanzi."

"Ulanzi? Pombe?"

"Wa asubuhi ni mtamu tu, mheshimiwa. Hata watoto wanakunywa."

"Kijana, hili ni geti la chuo kikuu. Mzazi anamleta mwanawe, anayempokea ni mgema?"

Nikamwambia mimi mwenyewe nimeletwa na mgema. Wakacheka wote, wakadhani ni utani, mmoja akanipiga bega. Wakaondoka wakisema watakaa waone namna ya "kuboresha." Neno hilo, dada, siku hizi nikilisikia naondoka.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa na kazi ya tailizi hapa Soweto, simu haina chaji. Jumatatu nafika getini, naona wanafunzi wamejazana wanapiga picha. Nikapenya. Mbeta haipo. Mahali pake mama ameshikishwa cheti kimekunjwa, na utepe umefungwa. Kuanzia mabegani mpaka vifundoni amepakwa plasta ya joho. Juu ya kilemba chake, kofia ya mahafali ya pembe nne. Na vyote hivyo, kofia mpaka unyayo, vimepigwa rangi ya dhahabu inayong'aa kama bomba la bafuni la mtu aliyepata fedha jana. Sasa kwa sababu mama ameinama na mkono uko karibu na sikio, anaonekana anapiga simu kwa cheti. Wale watoto walikuwa wanamwigiza. Mmoja anainama, anaweka daftari sikioni, "Haloo, mkopo umeingia?" Wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Nilitema mate, mbele za watu. Mama angenichapa.

Aliyepiga ile plasta ni Ambakisye. Yule Mnyakyusa niliyekusimulia, tunayechangia naye sufuria. Nilimkuta karakana anasugua mwiko.

"Ndiyo, ni mimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Waliniambia nisipofanya, kazi yangu haiingii kwenye maonyesho. Nimekupigia, hupatikani."

"Ungenisubiri."

"Nimesubiri miaka mitatu, mzee. Wewe ukitoka hapa unarudi kwenye tailizi, unakula. Mimi nikitoka nina nini? Nina hii karatasi tu."

Nikamwambia kwamba joho lenyewe amelipiga vibaya, hata hakukwangua plasta ya chini ili ishike. Akasema, "Najua. Nilipiga huku naona aibu."

Nikaenda ofisini. Mkuu wa Idara alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai kwenye kikombe chenye nembo ya chuo. Akaniambia taarifa ya mgeni rasmi imeshaandikwa: miongoni mwa mafanikio ya idara ni sanamu ya "Mhitimu," na jina langu limo, na litachongwa kwenye kibao cha marumaru.

"Yule si mhitimu," nikasema. "Ni mama yangu."

"Safi sana! Basi umemsomesha mama yako."

"Mama yangu hajasoma hata darasa moja. Niliyesoma ni mimi, kwa huo ulanzi mliouondoa."

"Ndiyo maana tumemvika joho, Festo. Ni heshima. Mama gani hapendi kuvaa joho?" Akaweka kikombe chini, akawa mtu kidogo. "Sikiliza. Unajua nimehangaika kiasi gani idara hii isifungwe? Kila mwaka wananiuliza sanaa inaleta nini. Watu wenye fedha wanataka kuona joho. Nikiwaonyesha pombe getini, mwakani hata wewe huna darasa la kuingia."

Hakuwa anadanganya, dada. Hilo ndilo linaloudhi. Ningekuwa nabishana na mwizi ningelala vizuri.

Nikafikiri juu ya mama akishuka basi, umemshika mkono, umemvalisha kile kitenge. Unafikiri angekasirika? Asingekasirika hata kidogo. Angesimama pale na magoti yake, angeangalia ile dhahabu, angesema, "Asante, mwanangu, mmenipendezesha." Halafu angerudi Iringa na asiseme tena neno ulanzi mbele ya watu mpaka afe, kwa sababu angekuwa ameelewa kwamba hata mwanawe wa kumzaa aliona aibu. Miaka yote ile wanamsema, wanakwaya wanamkalia mbali, hakuwahi kuinamisha uso. Halafu mimi ndiyo nije kumwinamisha, na jina langu liko chini kwenye marumaru.

Nikamwambia Mkuu, "Basi joho bakini nalo. Nipeni uso wa mama."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yamepangwa. Yeye akauliza, "Uso tu?"

"Kichwa chote."

"Haina shida. Hata afadhali, maana uso ule una huzuni. Tutawapa mwaka wa pili wafanye mwingine unaotabasamu." Akafikiri, akaongeza kwa upole kabisa, kama mtu anayekukumbusha mwavuli: "Ila ukikitoa, haitakuwa kazi yako tena, itakuwa ya idara. Jina litatoka kwenye kibao. Na hutakuwa na kazi ya mwisho, kwa hiyo unarudia mwaka. Umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa. Chai nikaiacha.

Nimekata mchana kweupe, wanafunzi wako kwenye foleni ya wali. Ambakisye alikuja mwenyewe bila kuitwa, akapanda kwenye pipa kushika kichwa ili kisianguke nikimaliza. Nilimwambia, "Mshike mama vizuri." Akamkumbatia kama mtoto, vumbi la dhahabu limemjaa nywele. Nondo nne za shingoni, moja moja, grinda inapiga kelele, na hakuna hata mwalimu mmoja aliyechungulia dirishani. Mlinzi ndiye alikuja. "Mzee, una kibali?" Nikamwambia aulize ndani. Akaenda, akarudi taratibu.

"Wamesema ukimaliza ufagie."

Nikafagia. Hapo ndipo nilipochoka nao, dada, zaidi ya siku ya dhahabu. Mtu akikuchukia, angalau amekuona.

Sherehe imepita Ijumaa. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa mchoma mahindi. Kichwa kipya kinatabasamu meno yote nje, shingo imekuwa fupi, na ukimwangalia kwa upande amefanana na Mkuu wa Idara mwenyewe. Mgeni rasmi akavuta kitambaa, akasema sanamu hii inatuonyesha tulikotoka. Wakapiga makofi. Na mimi niliyekunja mikono ya shati nikamjenga huyo wa tulikotoka niko ng'ambo na hindi mkononi, halijaiva.

Kichwa ninacho hapa chumbani. Kofia nimeibandua, nimekisugua kwa brashi ya waya na tina ya kutolea rangi, kimerudi rangi yake, isipokuwa ndani ya sikio la kushoto, dhahabu imegoma. Kina kilo ishirini na mbili, nimekipima kwa mwenye duka la nafaka. Alisema mama huyu anaonekana hataki kuibiwa kwenye mizani.

Najua umekasirika. Najua utasema ningenyamaza, nikachukua shahada, halafu nikajenga mama mwingine popote. Nimeipiga hesabu hiyo kabla yako, kila nikiipiga inatoka sawa, na bado sikuweza. Mwaka ninarudia. Kazi za tailizi zipo mpaka mwezi wa tatu, kwa hiyo usinitumie kitu, na usiende kumwomba mchungaji aje kuzungumza na chuo. Hawajanionea. Walinipa bei, nikalipa.

Kuhusu mama: mwambie tu kwamba safari ya Mbeya imefutwa, na kwamba mimi ndiye ninayekuja, Jumamosi. Usimwandae. Usimwambie kuna nini kwenye mzigo. Nataka nikiweke mezani na aone mwenyewe, kabla hatujamwambia neno, aseme kama ni yeye. Akisema siye, basi nimepoteza mwaka. Akisema ndiye, nitakipeleka Kilolo kwenye mianzi na nitamjengea mwili uliobaki taratibu, pasipo kamati.

Msalimie shemeji, na mwambie mafuta ya breki aliyoniagiza nimeyapata. Msalimie mpwa wangu Neema, nimesikia amekuwa wa kwanza kuchora darasani. Usimkataze, ila umfundishe na kupika. Msalimie fundi mkuu wa Kihesa aliyenifundisha kushika mwiko, na mama mchungaji, ambaye alikuwa ananunua chupa yake ya ulanzi kwa mlango wa nyuma na anadhani hatukumwona. Mama mpe shikamoo yangu kila asubuhi mpaka nifike.

Kondakta ametaka kichwa kiwekwe kwenye buti pamoja na viazi. Nimemkatalia. Nitakaa nacho mapajani.

Mdogo wako, asiye mhitimu,
Festo