Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Maneno "Husemi Kitu"

KAMATI YA WAZAZI NA WALIMU, SHULE YA SEKONDARI WEYRA MEDA, DEBRE BIRHAN

Tarehe: Jumamosi, 14 Hidar 2017 (kalenda ya Ethiopia)
Mahali: Maktaba ya shule

Waliohudhuria: Ato (Bwana) Belachew Wondimu (Mwenyekiti), Ato Dagnachew Mulat (Mwalimu Mkuu), Mwalimu Shimelis Adane (Kemia), Weyzero (Bibi) Tsige Alemu (mzazi, mwalikwa), Weyzero Yeshimebet Kassa (Katibu).

Asiyehudhuria: Mwakilishi wa wanafunzi. Hakualikwa, na Katibu anaomba hilo lisomeke vizuri.

KUMB. NA. 1/2017: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:10 asubuhi. Aliagiza kahawa isiletwe hadi ugomvi uishe.

KUMB. NA. 2/2017: MALALAMIKO YA MWALIMU SHIMELIS

Mwalimu alieleza kwamba tangu vishikwambi vije, wanafunzi wa darasa la tisa huandika notisi zake kwa pamoja. Anachoandika mmoja huonekana kwa wote papo hapo. Wiki mbili zilizopita, akiwa anaandika ubaoni, darasa liliangua kicheko. Alipotazama kishikwambi alikuta: "Mwalimu, ukigeukia ubao husemi kitu." Chini yake jina: Belachew. Alizifunga notisi hizo siku ileile kwa darasa zima, na sasa alitaka zisifunguliwe tena. Alidai Mwenyekiti, ambaye mwanawe alifeli kemia, ndiye aliyemtukana.

Mwenyekiti: "Mimi? Na mvi zangu hizi, niingie kwenye notisi za watoto? Nikitaka kukutukana nakuja mlangoni kwako mchana kweupe, Shimelis!"

Mwalimu: "Basi Belachew mwingine ni nani? Jini?"

Mwalimu Mkuu aliomba utulivu. Hakusikilizwa.

KUMB. NA. 3/2017: JINA

Katibu alieleza, kwa sauti ambayo haikuwa ya kikao, kwamba kishikwambi kimetengenezwa ng'ambo, hivyo huacha jina la mtoto na kubakiza la baba yake. "Hapa nani anaitwa kwa jina la baba yake? Kwa dude hili, mimi ni Kassa!"

Weyzero Tsige alisimama. "Marehemu mume wangu aliitwa Belachew. Aliyeandika ni binti yangu, Feven."

KUMB. NA. 4/2017: MAANA YA MANENO HAYO

Mwalimu alisema huo ni utovu wa adabu na mtoto aadhibiwe.

Weyzero Tsige alieleza kwamba Feven hasikii. Husoma midomo, na mwalimu akigeuka hutegemea notisi za wenzake. "Hajakutukana. Amesema anachokiona. Ukigeuka, kwake husemi kitu. Sasa wiki mbili hana midomo, hana notisi. Ameniambia harudi shule."

Mwalimu Mkuu alikiri kwamba aliambiwa siku ya kumwandikisha mtoto, akasahau kuwaeleza walimu. Katibu anaandika "akasahau" kwa kuwa ndilo neno alilotumia mwenyewe. La Katibu lisingefaa hapa.

Mwalimu aliuliza: "Muhula wote huu, mbona hakuniambia?"

Weyzero Tsige: "Alikuambia, Mwalimu. Ukamfungia."

KUMB. NA. 5/2017: MAAMUZI

Notisi zifunguliwe Jumatatu asubuhi. Pendekezo la adhabu lilikataliwa. Mwalimu aliomba maneno "utovu wa adabu" yaondolewe katika kumbukumbu. Katibu alikataa.

Mwalimu alisema Jumatatu atamwomba radhi Feven yeye mwenyewe, akauliza aanzeje.

Weyzero Tsige: "Mtazame. Halafu useme."

Kikao kilivunjika saa 4:25 asubuhi.

........................
Belachew Wondimu, Mwenyekiti

........................
Yeshimebet Kassa, Katibu